Maswali yale yale kila siku katika kundi letu la mafundi wa simu Tanga: tufanyeje?

Msimamizi wa Ngamiani ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp linalowakutanisha mafundi wa simu na kompyuta wa hapa Tanga mjini na watumiaji wa kawaida, wengi wakiwa wakazi wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, pamoja na wachache walioko Muheza, Pangani na Korogwe. Lilianzishwa ili mtu ambaye simu yake imeharibika apate ushauri kabla hajatoa fedha yake, na ili mafundi wenyewe waulizane yale yanayowatatiza. Hivi sasa tunakaribia ukomo wa wanachama 1,024 uliowekwa na WhatsApp, na kadiri kundi linavyokua ndivyo faida yake inavyopungua.

Kinachotuchosha ni marudio. Simu imereseti na sasa inadai akaunti ya Google ya mwanzo. Bando lipo lakini intaneti haifunguki. Simu inaonyesha alama ya tone la maji na kukataa chaji. WhatsApp imegoma kwenye simu ya zamani. Swali linajibiwa kwa ukamilifu asubuhi, adhuhuri linaulizwa na mtu mwingine, na usiku mtu wa tatu anatuma ujumbe wa sauti akieleza jambo lilo hilo kana kwamba ni yeye wa kwanza duniani kupatwa nalo. Mafundi wazoefu tuliokuwa tukiwategemea wameanza kunyamaza, wengine wamezima arifa za kundi, na majibu yameachwa kwa wale wanaojua kidogo lakini wana haraka ya kujibu.

Tuliandika kanuni, tukabandika ujumbe juu ya kundi wenye majibu ya maswali ya kawaida, na tukawa tunawakumbusha watu wasome kwanza. Haikusaidia. Sasa msimamizi mwenzangu anataka kila anayeuliza jambo lililokwisha kujibiwa atolewe kundini kwa muda. Moyo wangu unasita, lakini sina njia nyingine ya kumwonyesha. Naomba maoni ya waliowahi kusimamia kundi la namna hii.

Fundi Mstaafu wa Raskazone amejibu:

Kabla hamjamtoa mtu, jiulizeni kama jibu mnalomlaumu kwa kutolisoma lingeweza kupatikana na mtu wa kawaida. Mimi naona halipatikani. Mwanachama anayejiunga leo haoni mliyoyazungumza mwaka jana, kwa kuwa mazungumzo hayo yamo ndani ya simu za waliokuwapo. Hata aliyekuwapo, akibadilisha simu bila kuhifadhi nakala, anaanza upya. Na hata mwenye mazungumzo yote, anapotafuta neno atapata maandishi tu, ilhali majibu yenu mazuri, kama ninavyowafahamu mafundi, yamo katika ujumbe wa sauti uliorekodiwa huku mtu ameshika bisibisi, au katika picha isiyo na neno hata moja chini yake. Mmejibu sana, lakini hamkuweka akiba.

Jambo hili si geni. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa Marekani mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, ulikuwa na kasoro iyo hiyo. Kompyuta zilizopokea ujumbe zilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo ujumbe wa zamani ulifutwa baada ya muda mfupi na mgeni hakukuta kilichotangulia. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walipofunguliwa huduma hiyo walimimina maswali yale yale, wakongwe wakanung'unika, na baada ya wiki kadhaa mambo yakatulia. Kuanzia mwaka 1993, kampuni za kibiashara zilipoanza kuwaingiza wateja wao kwa wingi, wageni hawakukoma tena, na wakongwe wakasema kwamba Septemba hiyo haijaisha hadi leo. Dawa waliyokuwa nayo ni waraka wa maswali yaulizwayo mara kwa mara, ukiwa na mtu mmoja aliyekubali kuutunza, na ukitumwa upya kila baada ya kipindi maalumu. Zingatia hapo, ndugu Msimamizi: walijua kwamba waliosoma mwezi uliopita sio watakaouliza mwezi huu. Ninyi mlibandika ujumbe mara moja, na WhatsApp huushusha ujumbe uliobandikwa baada ya siku 30 hata ukichagua muda mrefu kuliko yote. Katika mji wa waja leo waondoka leo, hilo mngelitazamia.

Ushauri wangu ni kwamba majibu yatoke nje ya kundi. Fungueni chaneli ya Telegram, ambako anayeingia leo anaona yote yaliyotangulia, au ukurasa mwepesi wa wavuti usiomaliza bando la mtu. Kila jibu liwe peke yake na liwe na kiungo chake, kwa sababu waraka mmoja mrefu wenye kila kitu hausomwi, na huwezi kumwelekeza mtu kwenye aya ya katikati. Kundi libaki mahali pa kuulizia.

Bint Pangani amejibu:

Shikamoo, Fundi Mstaafu.

Ndugu Msimamizi, mimi si fundi. Ni karani wa shule, na nimo katika kundi kama lenu, upande wa wale mnaotaka kuwatoa. Naomba nieleze kinachotukuta sisi, maana naona mnajadiliana mafundi watupu.

Nilipopata simu iliyokuwa ya marehemu shangazi yangu na ikanidai akaunti ya kwanza, nilitafuta kundini kabla ya kuuliza. Niliandika «inaomba jimeili ya zamani», nikaandika «imejifunga baada ya kufuta kila kitu», nikaandika «simu inataka akaunti ya mwenyewe». Sikupata lolote. Baada ya kuuliza na kukaripiwa ndipo nikaambiwa kwamba jambo hilo limejibiwa mara nyingi chini ya herufi FRP, yaani kinga inayoifunga simu iliyofutwa hadi iwekewe akaunti ya kwanza. Ningezijuaje herufi hizo? Anayejua jina la ugonjwa wake amekwisha kuwa nusu fundi. Tunawafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, kisha tunamkaripia mtu mzima kwa kutojua istilahi ya wengine.

Kwa hiyo mtakapoyaandika majibu hayo, vichwa vyake msiviandike ninyi. Chukueni maswali jinsi watu walivyoyauliza, pamoja na makosa yao ya tahajia, mkayaweka juu ya jibu, mawili au matatu yanayoeleza jambo moja kwa maneno tofauti. Hapo mwenye kusema «simu haisomi laini» na mwenye kusema «mtandao umepotea» watafika mahali pamoja.

Jambo jingine ni lugha ya kumwelekeza mtu. Kuambiwa «tafuta huko juu» ni kufukuzwa. Kuambiwa «jibu lako hili hapa, fuata hatua zake, na ikikwama rudi utuambie umeona nini» ni kusaidiwa, ingawa fundi ametumia sekunde zile zile.

Tena kuna jambo la hadhari. Kinga hiyo ya akaunti iliwekwa na Google kuanzia Android 5.1, mwaka 2015, ili mwizi akiifuta simu asiweze kuitumia. Jibu la swali hilo lianze na uthibitisho wa umiliki, kama risiti au boksi la simu, na lisieleze mbinu za kukwepa kufuli hadharani. Nasema hivyo hata kama kwa upande wangu lilinichelewesha.

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Dada yangu wa Pangani amesema kweli, lakini mimi nina shaka na msingi wa swali lenyewe. Mnasema maswali yanarudiwa. Mengine hayarudiwi, ila yanafanana tu sauti. «Simu haichaji» ni kama mgonjwa kusema ana homa. Huenda ni waya, huenda ni chaja, huenda tundu la chaji limejaa vumbi la mfukoni, huenda sistimu ya chaji imeliwa na kutu, na kwetu huku pwani upepo wa bahari na chumvi yake hufanya kazi hiyo kimyakimya hata kwa simu isiyowahi kuanguka majini. Huenda betri imechoka, huenda ni bodi yenyewe. Ukimpa mtu huyo kiungo cha jibu moja utakuwa umempotosha kwa adabu.

Jibu la swali la namna hiyo liandikwe kwa njia ya kuuliza. Je, inachaji kwa waya mwingine? Kama ndiyo, shida imeisha. Kama hapana, inaonyesha alama ya tone la maji? Kama inaonyesha, chomoa waya, izime, iache mahali penye hewa hadi ikauke. Usiitie kwenye mchele. Apple yenyewe ilitoa onyo mwaka 2024 kwamba chembe za mchele zinaweza kuidhuru simu, na kwa maoni yangu mchele wa Tanga una kazi yake na nazi. Kama haionyeshi alama hiyo, angalia tundu kwa tochi. Mwulizaji akirudi kundini baada ya hatua hizo, atakuwa na swali jipya ambalo fundi anafurahia kulijibu: «nimebadilisha waya, tundu ni safi, bado inaonyesha chaji lakini asilimia haipandi».

Halafu msitamani kuyamaliza marudio yote. Siku watu wengi wa mitaa tofauti wanapouliza kwa saa moja kwa nini intaneti haifunguki, hakuna mvivu hapo. Mtandao wa simu una hitilafu, au sasisho jipya limevuruga mipangilio. Kundi linalomnyamazisha kila anayerudia litakuwa la mwisho kujua. Pendekezo la kuwatoa watu silikubali.

Mtunza Kodi wa Bagamoyo amejibu:

Wakubwa zangu, naandika programu, na hilo jina langu la hapa linatokana na kodi za kompyuta; sikusanyi mapato ya mtu.

Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandishi wa programu ulioanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, una utaratibu ambao nadhani unajibu hoja ya Bint Pangani na ya Fundi kwa pamoja. Swali lililokwisha kuulizwa hufungwa lisipokee majibu mapya, huwekewa kiungo cha lile la kwanza, lakini kwa kawaida haliondolewi. Linaachwa kwa sababu limeulizwa kwa maneno mengine, na kesho mwenye maneno kama hayo atalipata na kuelekezwa. Mwulizaji ana nafasi ya kuhariri swali lake na kueleza kwa nini lake ni tofauti, na wenzake wakiridhika hufunguliwa. Hata hivyo msiuchukue utaratibu huo mzima mzima. Mtandao huo umepata sifa ya ukali kwa wageni, na wengi waliofungiwa swali la kwanza hawakurudi tena.

Ambalo halijatajwa ni kuchakaa kwa majibu. Swali la WhatsApp kugoma ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa 2025 iliachana na Android 4.4, na mwezi Mei mwaka huo ikaachana na iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus, kwa hiyo jibu lililokuwa sahihi mwaka 2024 lingempotezea mtu siku nzima akiifuta na kuipakua upya. Kwa upande wa kompyuta, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ushauri wote wa usalama ulioandikwa kabla ya hapo unahitaji kupitiwa. Kila jibu liwe na tarehe ya kukaguliwa mara ya mwisho na jina la fundi anayelitunza. Jibu lisilo na mwenyewe ni hatari kuliko kukosa jibu, kwa sababu watu huliamini.

Najua atatokea mtu wa kusema akili mnemba ijibu yote. Inaweza kusaidia kuandika rasimu, lakini Stack Overflow ilipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022, siku chache tu baada ya programu hiyo kutolewa, kwa kuwa yalikuwa yanasomeka vizuri huku mengi yakiwa na makosa. Fundi ayapitie kwanza.

Msimamizi wa Ngamiani amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimemwonyesha mwenzangu majadiliano haya na amekubali pendekezo lake liwekwe pembeni, ingawa bado anataka wanaotuma matangazo ya mikopo watolewe, na hapo tuko pamoja.

Tutafungua chaneli ya Telegram na kuanza na majibu manne tu: akaunti ya Google, intaneti isiyofunguka, chaji, na WhatsApp kwenye simu za zamani. Vijana wawili wameanza kupitia kundi na kunakili maswali kama yalivyoulizwa, pamoja na kuyaandika yale ya sauti. La chaji nimelipeleka kwa fundi anayeshughulika na bodi. Linalonipa shida ni la intaneti, kwa sababu kila mtandao una mipangilio yake na sijui tuandike jibu moja au kadhaa.

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Andikeni kadhaa, ndugu yangu. Mtu wa mtandao mmoja akisoma mipangilio ya APN ya mwingine, yaani ile inayoiunganisha simu na intaneti ya mtandao wake, ataiingiza hiyo hiyo na kuharibu hata iliyokuwa sawa. Kichwa cha kila jibu kitaje jina la mtandao, na hatua ya kwanza iwe kuwasha na kuzima hali ya ndegeni, maana mara nyingi shida huishia hapo. Nipe hadi Ijumaa. Nitayaandika baada ya sala na kuyajaribu kwenye simu za dukani kabla sijakuletea.