Kulala porini bila kulipia, milima ya Santa Lucia (Big Sur, California): naomba kurekebishwa mpango

tuta_la_pwani

Wakuu, habari za saa hizi. Tuko wawili, tunataka kulala siku tatu kwenye milima ya Santa Lucia katikati ya Septemba. Viwanja vya kulipia vimejaa, na hata visingejaa, tunachotafuta ni kupiga kambi ndani ya msitu wa taifa wa Los Padres, mbali na magari.

Mpango ulivyo: usiku wa kwanza tulale garini kando ya Barabara Namba 1. Kesho yake tupande kwa njia ya Vicente Flat kuelekea Cone Peak, tulale huko juu mara mbili, kisha tushuke. Tutaanza na lita 2 za maji kila mmoja, mengine tutachota kwenye vijito vilivyochorwa kwenye ramani. Kupika ni moto mdogo wa kuni ili tupunguze uzito. Anayezijua njia hizo aseme wapi tumekosea.

kibali_mkononi

Karibu, mkuu. Naanza na mambo ya kisheria kwa sababu mawili kati ya hayo mliyopanga hayaruhusiwi.

Kulala garini kando ya Barabara Namba 1 ni marufuku sehemu kubwa ya Big Sur, na vibao vimewekwa kwenye maegesho ya pembeni. Kuliacha gari tupu kwenye kianzio cha njia wakati ninyi mko mlimani ni jambo jingine, ila someni kibao cha mahali penyewe. Usiku huo wa kwanza mnaweza kuufuta kabisa. Kutoka Kirk Creek, kianzio cha njia kilicho kando ya barabara hiyo, hadi kambi ya Vicente Flat ni kama kilomita 8. Mkianza saa mbili asubuhi mtafika mapema, tena mtakuwa mmevuka ile miteremko ya nyasi isiyo na kivuli kabla jua halijakuwa kali.

Moto wa kuni usahauni. Moto wa Soberanes wa mwaka 2016 ulianzia kwenye moto wa kambi uliowashwa kinyume cha sheria, ukateketeza zaidi ya hekta 53,000 za milima hiyohiyo. Septemba ni mwisho wa kiangazi na kila kitu kimekauka. Chukueni jiko la gesi lenye kifungio. Majiko ya spiriti hayana kifungio, kwa hiyo makatazo ya moto huyagusa pia. Hata kwa jiko la gesi mnahitaji kibali cha moto cha California: ni bure, hupatikana mtandaoni baada ya kutazama video fupi na kujibu maswali. Kihifadhini kwenye simu na mchapishe nakala. Kwa watu wawili siku tatu, mtungi mmoja wa gramu 230 unatosha, maana kuchemsha lita moja hutumia takriban gramu 15 pasipo na upepo.

Kuingia kwenye pori la Ventana, eneo la hifadhi ndani ya msitu huo wa Los Padres, kwenyewe hakuhitaji kibali cha kulala. Lakini msichanganye hilo na barabara za msituni: ruhusa ya kulala kando ya barabara za huko hubadilika kwa amri za Idara ya Misitu. Pigeni simu ofisi ya msitu wiki ya safari, muulize amri zinazotumika sasa. Njia nazo hufungwa baada ya moto au maporomoko. Chama cha Ventana Wilderness Alliance huchapisha hali ya njia moja moja, na Caltrans, idara ya barabara ya California, hutangaza barabara ikikatika. Hilo la pili si la kupuuza. Poromoko la Mud Creek la Mei 2017 liliifunga Barabara Namba 1 zaidi ya mwaka.

lita_tano

Kibali ameshamaliza mwenzangu. Kinachowarudisha watu nyuma huko ni maji.

Cone Peak ina mita 1,571 na iko kama kilomita 5 tu kutoka baharini. Kwenye mwinuko mkali hivyo udongo ni mwembamba na mwamba umepasuka, kwa hiyo mvua za Novemba hadi Aprili hukimbia au kuzama. Kufikia Septemba vijito vingi ni mchanga na mawe. Ramani haidanganyi, ila lazima uisome vizuri: mstari wa buluu uliokatikakatika ni kijito cha msimu, na mwezi huo uhesabu kuwa hakipo. Hata mstari mzima unaweza kukauka juu, halafu maji yakajitokeza tena mita mia kadhaa chini bondeni. Kwa hiyo ukikuta mkondo mkavu, shuka nao kidogo kabla hujakata tamaa.

Kwenye njia yenu, pa kutegemea ni kijito cha Hare pale Vicente Flat, na hata hapo pateni taarifa ya karibuni. Ukishapita hapo kwenda kileleni, panga kana kwamba hakuna tone. Chemchemi ya Trail Spring ni ya msimu.

Hesabu ya usiku mmoja pasipo maji, kwa mtu mmoja: lita 1 ya kupika na kunywa jioni, nusu lita usiku, nusu lita asubuhi, na lita 3 za kutembea juani siku inayofuata. Jumla lita 5, yaani kilo 5. Lita 2 zenu zitaisha kabla ya chakula cha mchana. Ushauri wangu ni mlale Vicente Flat siku zote tatu, na kileleni mpande na kurudi na mzigo mwepesi siku ya katikati, mkitoka alfajiri.

Vidonge vya kusafishia maji vya klorini dioksidi huua bakteria na kimelea cha Giardia kwa nusu saa, lakini kimelea cha Cryptosporidium kinataka saa 4. Kichujio cha nyuzi kikishagandishwa na baridi hakiaminiki tena ingawa maji bado yanapita. Septemba si tatizo. Mkirudi Januari, laleni nacho ndani ya begi la kulalia.

juu_ya_ukungu

Naongeza mahali pa kusimika hema. Kabla ya kuangalia chini, angalieni juu. Miti ya tanoak, jamii ya mialoni, imekufa kwa wingi Big Sur kwa ugonjwa unaoletwa na kimelea cha Phytophthora ramorum, na moto wa Dolan wa 2020 uliacha miti mikavu iliyosimama ikiwa imeungua mizizi. Miti hiyo huanguka hata pasipo upepo. Umbali salama ni mara moja na nusu ya urefu wa mti.

Kanuni ni kukaa mita 60 kutoka majini, kama hatua 80 za mtu mzima. Kwenye mabonde membamba nafasi hiyo mara nyingi haipo, basi tumieni sehemu iliyokwisha kukanyagwa badala ya kufyeka mpya. Choo nacho ni mita 60, shimo la sentimita 15 hadi 20, na karatasi mrudi nayo kwenye mfuko. Udongo ule mkavu hauiozeshi.

Ukungu wa bahari hupanda usiku na kunasa kwenye majani ya redwood, ile miti mirefu sana ya huko, kisha hudondoka kama mvua. Hema lililo chini ya redwood linaweza kulowa wakati lililo uwazini, mita 20 pembeni, ni kavu. Acheni milango ya hewa wazi, la sivyo pumzi zenu zitamalizia kazi. Chakula kiwe kwenye chombo kigumu, maana panya na rakuni hutoboa mifuko.

tuta_la_pwani

Nashukuru sana, wakuu. Basi kambi ni Vicente Flat, gesi, na chupa za lita 5 kila mmoja. Swali moja limebaki: ule mmea unaowasha tunautambuaje?

juu_ya_ukungu

Poison oak: vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja, kile cha katikati kina kikonyo kirefu zaidi. Septemba mengi yameshageuka mekundu au kupukutika, na vijiti vitupu navyo vinawasha, kwa hiyo msishike kichaka msichokijua. Vaeni suruali ndefu, itawasaidia pia na kupe. Ukigusa, osha kwa sabuni na maji baridi mapema iwezekanavyo, ukisugua kwa kitambaa, maana mafuta yake hunata. Mkirudi osheni na kamba za viatu, mipini ya fimbo na mikanda ya mabegi. Mafuta hayo yakikauka hapo hubaki na nguvu kwa miezi.