Ndugu amekatwa mguu na hoteli imekataa kumrudisha kazini: tuanzie wapi?

Mkunguni

Assalam aleikum wenzangu. Naulizia ndugu yetu wa hapa Amu (Lamu), Kenya, umri miaka 44. Amefanya kazi miaka 9 katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Malindi, mshahara 21,000 kwa mwezi kupitia M-Pesa. Ana kisukari. Mwaka jana alipata kidonda, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Alirudi kazini na magongo, akapewa kukunja shuka na taulo akiwa ameketi, na kazi akaimudu. Masika yalipoingia hoteli ikafungwa, wote wakaambiwa wasubiri simu. Mwezi wa 7 wenzake wakaitwa. Yeye alipopiga tarehe 20, meneja akamjibu kuwa hali yake hairuhusu tena, aende asaini karatasi achukue 15,000. Barua hakupewa.

Hajajiandikisha popote kama mtu mwenye ulemavu. Tumesikia kuna pesa za serikali za walemavu, kuna NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kuna leba (ofisi ya kazi). Tuanze na ipi? Na hiyo 15,000 aichukue?

Maweni_83

Waaleikum salaam. Asisaini. Karatasi za namna hiyo aghalabu husema "nimelipwa haki zangu zote, sina dai lingine", na mahakama zetu huzihesabu kuwa mapatano kamili kama mtu alisaini kwa hiari yake akijua anachokisaini. Kama shida imembana na hana budi kuzichukua, aandike kwa mkono wake juu ya sahihi: "Nimepokea 15,000, sehemu tu ya haki zangu, madai mengine yamebaki", halafu aipige picha karatasi nzima kabla ya kuirudisha. Wakiyakataa maandishi hayo, aondoke.

Kinachokimbia hapa ni muda, kwa hiyo leba ndiyo ya kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi 3 tangu kuachishwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka 3 kufungua kesi. Hiyo miezi 3 msiihesabu kwa raha. Nyinyi mnahesabu tangu simu ya Julai, lakini hoteli inaweza kudai kazi iliisha siku waliyofunga milango. Aende wiki hii. Na mjue kwamba mazungumzo ya leba hayaisimamishi ile miaka 3. Wapo wanaozungushwa kwa ahadi za "tutakulipa" hadi mlango wa mahakama ukafungwa.

Kwa kuwa hana barua, ushahidi autengeneze sasa. Amtumie meneja ujumbe wa heshima: "Niko tayari kurudi kazini tangu wenzangu walipoitwa. Tarehe 20 Julai uliniambia hali ya mguu hairuhusu. Naomba nijulishwe kwa maandishi." Akijibu, jibu hilo ni ushahidi. Akinyamaza, ujumbe wenyewe unaonyesha kuwa hakuiacha kazi, maana utetezi wa kwanza wa waajiri ni kwamba mfanyakazi alitoroka. Atoe pia taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mishahara, kitambulisho cha kazi, picha za ratiba ya zamu, na majina ya wenzake wawili waliomwona akikunja shuka baada ya kukatwa mguu. Hao wawili mimi nawaona wazito kuliko karatasi zote, kwa sababu wanathibitisha kazi ilikuwepo na aliiweza.

Kisheria hoteli imeteleza mara mbili. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu mwili umeshindwa kazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Simu ya dakika mbili si kusikilizwa. Kifungu cha 46 nacho kinautaja ulemavu miongoni mwa sababu ambazo si halali kumpigia mtu kalamu. Na kwa kifungu hicho hahitaji kuwa na kadi ya ulemavu. Mguu uliokatwa unaonekana.

Kwa hesabu, notisi ya mwezi mmoja peke yake ni 21,000. Ongeza siku za likizo alizonyimwa, haki ikiwa siku 21 kwa mwaka. Fidia ya kuachishwa isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12, yaani 252,000, lakini hicho ni kikomo, si ahadi. Wakigeuza maneno na kusema walimpunguza kwa kuwa biashara imelala, basi wanadaiwa siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili: 10,500 mara 9 ni 94,500. Tena walipaswa kumwandikia yeye na afisa wa leba mwezi mmoja mbele.

Nijibuni hili: alikuwa na mkataba wa aina gani? Hoteli nyingine huandika mikataba ya miezi michache inayokwisha na msimu. Mkataba ukiisha tarehe yake, kwa kawaida hiyo haihesabiwi kuwa kufutwa kazi, na hapo itabidi muonyeshe kwamba kwa miaka 9 aliitwa kila msimu bila kukosa, na safari hii kilichobadilika ni mguu tu.

Bi Langoni

Nami niongezee kuhusu kadi na hizo pesa za serikali, maana hapo kuna matumaini mengi yasiyo na msingi.

Pesa mnazozisikia ni za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa upande wa ulemavu zimewekewa wenye ulemavu mkali, yaani mtu anayehitaji kuhudumiwa mchana na usiku, na katika kaya maskini isiyo na mwenye ajira rasmi wala pensheni. Hupokelewa na mlezi wake. Mtu anayetembea kwa magongo na kujihudumia mwenyewe hatapita, na chifu hawezi kumpitisha kwa huruma. Kuwa na kadi hakumwingizi mtu Inua Jamii. Msije mkauacha muda wa leba upite mkisubiri 2,000 ambazo si zake.

Hata hivyo kadi aitafute, inafungua milango mingine. Anaanzia eCitizen, ukurasa wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa jina lake mwenyewe na simu yake mwenyewe. Kisha anakwenda kupimwa na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Akiwa Amu, aulizie hospitali ya King Fahd siku ambayo jopo la tathmini linakaa, asiende kubahatisha. Achukue kitambulisho, picha ya pasipoti, kadi ya kliniki ya kisukari na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali aliyokatiwa mguu. Ile karatasi ya upasuaji watu huiacha nyumbani wakidhani mguu unajieleza. Daktari anahitaji tarehe na sababu.

Baada ya hapo ripoti inapitishwa na afya ya kaunti, kisha Baraza. Mara nyingi inakwama hapo katikati na mwenyewe anakaa akidhani Baraza limemsahau. Aingie kwenye akaunti atazame imefika wapi, kisha aulize ofisi ile ile iliyoishika.

Jambo linalotusumbua sana watu wa pwani ni majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, NSSF wameandika Mohammed, kadi ya kliniki ina jina la baba bila la babu, na simu imesajiliwa kwa jina la mke. Mfumo hauoni kuwa ni mtu mmoja. Weka karatasi zote mezani, soma herufi kwa herufi, na kama zinatofautiana aape hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani hapo Amu kwamba majina yote hayo ni yake. Atoe nakala kadhaa, kila ofisi itataka yake.

Kadi ikitoka, aombe msaada wa mguu bandia au vifaa vya kazi kutoka Mfuko wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu kupitia ofisi ya Baraza ya kaunti. Mguu bandia hutengenezwa pia na karakana ya APDK, shirika la watu wenye ulemavu, iliyoko Port Reitz, Mombasa. Msamaha wa kodi ya mapato upo hadi 150,000 kwa mwezi, ila kwa mshahara wa 21,000 hakuwa akikatwa kodi, basi hilo lisimchukulie muda.

Na SHA, bima ya afya ya serikali, asiiache! Mwajiri ameacha kupeleka mchango, kwa hiyo ajibu maswali ya kukadiriwa kipato kwa *147# na alipe mwenyewe. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Ana kisukari na mguu mmoja uliobaki. Kliniki haingoji kesi.

Matondoni

NSSF. Hapa nawaomba mtulie kabla ya kujaza chochote.

Kupoteza kazi peke yake hakumpi mtu pesa za NSSF. Kuna umri wa 60, kuna 50 kwa aliyestaafu mapema, na kuna ulemavu. Ana miaka 44, kwa hiyo mlango wake ni wa ulemavu tu. Dai hilo linataka daktari athibitishe kwamba hawezi kazi tena, na ni kwa kudumu. Sasa leba mnakwenda kusema nini? Kwamba kazi anaiweza na amefukuzwa kwa dhuluma. Wakili wa hoteli akizipata karatasi zote mbili ataziweka pamoja mbele ya hakimu, na mtu wenu atakosa la kusema.

Basi amueni kwanza ukweli uko wapi. Kwa maelezo yenu anaweza kazi ya kuketi. Kama ndivyo, fuateni leba na mahakama, fomu ya ulemavu ya NSSF ikae. Daktari naye asiandike neno tupu kama "hafai kazi". Aandike anachoweza na asichoweza: anaweza kukaa saa ngapi, kusimama dakika ngapi, asibebe zaidi ya kilo ngapi. Ripoti hiyo moja itatumika leba na itatumika kwa mwajiri mwingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri arekebishe mazingira ya kazi kwa kadiri inavyowezekana, na kiti cha kukunjia taulo ni rekebisho dogo mno, tena walishalifanya wenyewe.

Ikiwa afya itadorora hadi asiweze kabisa, hapo ndipo NSSF. Pensheni ya ulemavu inataka michango ya miezi 36 iliyotangulia, na wafanyakazi wa hoteli huwa na mapengo kila masika. Atoe taarifa ya michango leo, aipitie mwezi kwa mwezi. Mwezi aliokatwa mshahara lakini mchango haukufika, aripoti NSSF kwa barua akiambatisha hati ya mshahara. Hilo halingoji kesi wala halipingani nayo. Wala asitarajie mlima wa pesa: kabla ya Februari 2023 mchango ulikuwa 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, yaani 4,800 kwa mwaka kabla ya riba.

Kama alikuwa akikatwa ada ya KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, chama kiende naye leba. Mkataba wao na hoteli unaweza kuwa na malipo zaidi ya yale ya sheria.

Mkunguni

Mungu awajaze kheri. Mikataba ilikuwa ya maneno tu, hakusaini. Ada ya chama hakukatwa. Kuna jambo sikulisema: kidonda kilianza kazini, Oktoba mwaka jana. Waya wa toroli la nguo ulimchoma unyayo, yeye mwenyewe hakuusikia hadi jioni alipoona damu kwenye soksi. Hoteli wanasema ni kisukari.

Maweni_83

Hilo lilipaswa kuwa juu kabisa. Hiyo ni ajali ya kazini, na Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya 2007 inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Oktoba haiko mbali. Mwajiri alitakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7; kama hakuripoti, mfanyakazi asimsubiri. Aombe fomu ya DOSH, yaani idara ya huyo Mkurugenzi, fomu ambayo wengi bado wanaiita LD 104, siku hiyo hiyo anayokwenda leba. Dai hili lisipelekwe mahakamani moja kwa moja. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2019 kwamba njia ni ya Mkurugenzi.

Ulemavu kamili wa kudumu hufidiwa kwa mapato ya miezi 96. Wa sehemu hulipwa asilimia ya hapo, kulingana na jedwali la sheria na tathmini ya daktari. Kwa mshahara wake miezi 96 ni 2,016,000, kwa hiyo hata sehemu yake ni pesa ya kupigania.

Kila kitu kitasimama juu ya mstari wa kwanza kwenye kadi ya kliniki. Kama siku ile daktari aliandika "amechomwa na waya kazini", mna msingi. Kama aliandika "kidonda cha kisukari" tu, tafuteni aliyemfunga kile kidonda hotelini na aliyeliona toroli, waandike maelezo yao sasa. Kisukari kinaeleza kwa nini jeraha halikupona. Hakielezi lilitoka wapi.

Kwa safari: avuke na boti ya Mokowe maji yakiwa yamejaa, ngazi za gati huteleza yakipwa na magongo hayashiki. Akishafika Malindi amalize leba na fomu ya ajali kwa safari moja. Ikibidi kesi ya kuachishwa, kwa mshahara usiozidi 80,000 inaweza kusikizwa na hakimu, na hati hufunguliwa kwa mtandao wa mahakama, hivyo si lazima asafiri kila mara. Nakala halisi zibaki Amu, abebe vivuli.