Wakuu msaada, listi yangu ya Python inawalipia watu ambao hawajalipa

Kalamu Butu: Habari za jioni wakuu. Mimi sio mtaalamu, Python nimejifunzia YouTube tu. Nimetengeneza jedwali la namba, watu 30 kwa miezi 12, kote nikaanza na sifuri. Sasa nikiandika mtu wa tano kalipa 20000 mwezi wa tatu, nikiprinti naona wote 30 wamelipa mwezi wa tatu! Nimezima laptopu nimewasha, nimefuta Python nimeiweka upya, wapi. Kodi haina kosa maana haileti eroo yoyote. Au ni ram ndogo? Ni haraka tafadhali.

Mzee wa Kitonga: Kodi ya nyumba au ya TRA?

Bibi Hesabu: Weka huo mstari uliotengenezea jedwali. Bila huo tunapiga ramli.

Kalamu Butu: Huo hauna shida dada, sifuri zote zilitoka vizuri. Shida ipo kwenye kuonyesha.

Chumvi Nyingi: Kuonyesha kuna mambo yake usione hivi. Mimi niliwahi kuweka matokeo ya wanafunzi 400 masomo 9 kwenye NumPy, ile maktaba ya Python ya majedwali ya namba (wao wanaita arei), kuprinti naona watatu wa juu na watatu wa chini, katikati nukta nukta, nikajua data imeliwa, nikakesha siku mbili naingiza upya nukta zikarudi palepale!! Kumbe arei ikizidi namba 1000 inafupisha yenyewe, unaweka np.set_printoptions(threshold=sys.maxsize) inamwaga zote. Mke wangu hadi leo ananicheka.

Bibi Hesabu: 360 haifiki 1000. Kalamu, mstari.

Kalamu Butu: Haya huu hapa
kikoba = [[0] * 12] * 30

Bibi Hesabu: Nilijua. Ulidhani umenunua madaftari 30, kumbe umenunua moja ukaandika majina 30 kwenye jalada. Hiyo * 30 ya nje hainakili listi, inairudia ileile, ukigusa kikoba[4][2] (Python inahesabu kuanzia sifuri, ndio mtu wako wa tano mwezi wa tatu) umegusa wote. Printi kikoba[0] is kikoba[1] itakujibu True, yaani ni listi ileile moja. Andika hivi:
kikoba = [[0] * 12 for _ in range(30)]
Malipo uliyoandika chini yake yaache, endesha upya tu.

Mtumishi: Mimi naona hilo jina, kikoba. Ina maana ni hela za watu unafanyia mazoezi? Daftari la mistari lina ubaya gani? Vijana mnapenda njia ndefu.

Kalamu Butu: Ndio ni kikoba chetu, mimi mweka hazina. Jumapili tunavunja na listi nilishaitupa kwenye grupu tangu juzi. Nikawaza tugawane sawa kwa sawa tu yaishe, si wote wanaonekana wamelipa sawa? Kuanza kuwaambia nilikosea ni kuleta maneno bure.

Sina Presha: Hii chai. Kama mstari ni mmoja basi anayeandikwa mwisho ndio anawafunika wote. Aliyetoa elfu hamsini aone elfu ishirini anyamaze? Kikoba gani hicho kina mama hawajui hela yao? Dogo ana asaimenti ya chuo huyu, mwisho wa kukusanya kesho.

Chumvi Nyingi: Na YouTube wala hawafundishi hivyo, nimeanza kuamini ni chai.

Kalamu Butu: Sio chai wakuu. Kwetu kiwango ni kimoja, elfu ishirini kila mwezi. Waliolipa hawana cha kulalamika, na ambao hawakulipa ndio kwanza wameweka vidole gumba.

Mzee wa Kitonga: Hapo nimemuamini. Mdaiwa hana haraka ya kusahihisha.

Bibi Hesabu: Swali moja. Wewe ni mtu wa ngapi kwenye listi?

Kalamu Butu: Inahusiana nini na Python?

Bibi Hesabu: Wa ngapi?

Kalamu Butu: Wa 30.

Sina Presha: Eheee.

Kalamu Butu: Sikilizeni, mwezi wa tisa mtoto aliumwa, nilipanga kulipa kabla ya kuvunja. Nimebadilisha mstari wa Bibi Hesabu imekubali, kila mtu na yake sasa. Wasiolipa mwezi wa tisa ni wawili tu. Mmoja ni mama mkwe.

Mzee wa Kitonga: Rudisha ile ya zamani haraka sana.