Saikolojia ya siasa iwe somo la lazima kwa wanaosomea taaluma?

MLETA MADA: Wadau, mwanasaikolojia, daktari, mwalimu, wakili, afisa ustawi wa jamii, wote watafanya kazi chini ya mamlaka. Mara nyingi saikolojia ya siasa, yaani elimu ya jinsi mamlaka, makundi na siasa vinavyogusa fikra na tabia za watu, huachiwa wanafunzi wachache wanaoipenda. Naona hilo ni kosa kubwa. Kwenye majaribio ya utii aliyoanza mwanasaikolojia Stanley Milgram mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Yale, washiriki 26 kati ya 40 walibonyeza hadi swichi ya mwisho, volti 450, wakiambiwa na mtafiti kwamba wanamwadhibu kwa umeme mtu aliyekosea jibu, ingawa umeme wenyewe ulikuwa wa maigizo. Walikuwa raia wa kawaida. Mtaalamu mwenye cheti na bosi je?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Napinga, mkuu. Kwanza majaribio hayo yamekosolewa sana. Baadhi ya washiriki walishuku kwamba umeme haukuwa wa kweli. Pili, nani atafundisha? Mhadhiri mwenye chama chake atageuza darasa kuwa jukwaa, na mwanafunzi ataandika anachotaka kusikia mhadhiri ili afaulu.

MCHANGIAJI WA PILI: Na anayejua hofu inavyowaendesha wapiga kura si ndiye atakayewarubuni vizuri zaidi?

MLETA MADA: La mhadhiri ni zito, siwezi kulipuuza. Lakini somo hili linafundishika bila kutaja chama chochote. Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule kwa kigezo hafifu tu, eti huyu kapenda michoro ya mchoraji Klee na yule ya mchoraji Kandinsky, nao wakaanza kuwapendelea wa kundi lao. Mtihani umtake mwanafunzi achambue kundi analolipenda yeye mwenyewe.

Kuhusu kurubuni, tazameni Marekani. Mwaka 2015 uchunguzi huru ulioagizwa na chama cha wanasaikolojia cha huko, APA, ulibaini kuwa baadhi ya viongozi wake walishirikiana na maafisa wa wizara ya ulinzi ili miongozo ya maadili kuhusu mahojiano ya wafungwa isiwabane. Saikolojia waliijua. Kanuni za maadili waliziandika wao! Kujua tabia za wengine hakukuwafanya wahoji ukaribu wao na wenye nguvu, na hapo ndipo mitaala yetu ina pengo.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Kama ni hivyo, nadharia ya muhula mmoja haitoshi. Liwekwe kwenye mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi anapopewa amri na msimamizi kwa mara ya kwanza. Hapo nitaliunga mkono.