Ulinganisho: kuondoka na kiinua mgongo, au kubaki gazetini na mshahara uliokatwa?

MpangaKurasa
Wakuu, nawaomba mawazo, na nawaomba kwa dhati. Nina miaka 14 kwenye gazeti la kila siku, kazi yangu ni kusanifu kurasa. Tangu uchumi uyumbe matangazo yamekauka, na gazeti lililokuwa na kurasa 48 sasa linatoka na 28. Wiki iliyopita tumepewa barua, kila mtu na yake, tujibu ndani ya siku 10.

Barua inasema hivi: ukiondoka kwa hiari unalipwa mshahara wa miezi 7, lakini kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi, kana kwamba bado upo kazini. Ukibaki, mshahara unapungua kwa asilimia 15, na kila robo mwaka unakwenda likizo ya wiki moja bila malipo.

Halafu kuna njia nyingine ambayo haimo kwenye barua. Wenzangu sita wanaoondoka wanataka kuchanga viinua mgongo vyao waanzishe gazeti la mtandaoni, na wananitaka niwe wa saba. Nina watoto wawili shuleni. Usiku silali, napiga hesabu zilezile tu. Ingekuwa ninyi mngeshika ipi?

ZamuYaUsiku
Pole sana ndugu yangu. Kabla hujalinganisha kuondoka na kubaki, hebu isome tena hiyo "kila mwisho wa mwezi". Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Chukua yaliyotokea Marekani kwa kampuni ya Tribune, wenye Chicago Tribune na Los Angeles Times wakati huo. Tarehe 8 Desemba 2008, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 13, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Waliokuwa wameshaachishwa kazi na bado wanapokea malipo yao kwa awamu, malipo yao yalisimamishwa. Mtu aliondoka na barua inayosema utalipwa miezi kadhaa, mara akajikuta kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana yoyote, mbele yake mabenki. Kampuni ilitoka mikononi mwa mahakama siku ya mwisho ya mwaka 2012. Miaka 4!

Kwa hiyo miezi 7 ya awamu si miezi 7. Ni miezi 7 iwapo kampuni itasimama miezi 7. Waulize kama watakulipa kwa mkupuo, hata wakipunguza idadi ya miezi.

MpangaKurasa
Hilo sikulifikiria kabisa. Niliona miezi 7 nikashukuru.

DawatiLaMichezo
Mimi nipo tofauti kidogo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ajira iliyopunguzwa ni ajira bado, na mdororo una mwisho wake.

Mwaka 2009 gazeti la Boston Globe lilitishiwa kufungwa na wamiliki wake. Walitaka nafuu ya dola milioni 20 kutoka kwa vyama vya wafanyakazi. Chama kikubwa pale kilipiga kura Juni wakakataa mapendekezo, kura 277 kwa 265, na mwajiri akajibu kwa kuwakata asilimia 23. Watu walidhani ndiyo mwisho. Wakarudi mezani, na mwezi uliofuata wakapitisha makubaliano ambayo makato yake ya mshahara hayakufika hata asilimia 6, ingawa walikubali likizo bila malipo na kupoteza ulinzi wa ajira ya kudumu ambao baadhi yao walikuwa nao. Gazeti lipo hadi leo.

Ninachokiona hapo ni kwamba asilimia iliyoandikwa kwenye barua si ya msahafu. Ila hukai kuijadili peke yako. Mna chama?

MpangaKurasa
Tunacho, lakini dhaifu. Wengi waliacha kulipa ada.

Mtambo_Namba_2
DawatiLaMichezo nakuheshimu, lakini mbachao wenyewe umeshachakaa. Nimebaki mara mbili, nimekatwa mara mbili, na mara ya tatu wakanipunguza. Na hapo ndipo inapouma: kiinua mgongo kilipigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho, yaani ule uliokatwa. Waliotangulia kuondoka walipata zaidi yangu ingawa mimi nilitumikia muda mrefu kuliko wao.

Mpanga, kama utabaki, dai iandikwe kwamba malipo yoyote ya kuachishwa yatahesabiwa kwa mshahara wa kabla ya makato. Dai pia tarehe ya mwisho ya makato. Barua isiyo na tarehe ya mwisho, huo ndio mshahara wako mpya.

Likizo bila malipo nayo usiihesabu kama kinga. Gannett, kampuni ya magazeti ya Marekani, walitangaza wiki moja bila malipo mwezi Januari 2009, robo iliyofuata wakarudia, na Julai wakatangaza kupunguza nafasi zipatazo 1,400.

BibiPrufu
Nizungumzie hilo la wenzako sita, maana naona wadau wameliruka.

Gazeti la Rocky Mountain News la Denver, Marekani, lilifungwa tarehe 27 Februari 2009, likiwa limebakiza wiki kama 8 litimize miaka 150. Baadhi ya waandishi wake walitangaza gazeti la mtandaoni na wakaomba wasomaji 50,000 wakubali kulipia. Walijitokeza kama 3,000. Mpango ule haukusimama. Na hawa walikuwa waandishi hodari, wa gazeti lililopendwa.

Upande wa pili kuna Ugiriki. Gazeti la Eleftherotypia lilipokwama mwaka 2011, wafanyakazi wake walikuwa wamekaa miezi bila mishahara. Mwaka 2012 kundi miongoni mwao likaanzisha Efimerida ton Syntakton, gazeti la ushirika, wanachama wakichangia kama euro 1,000 kila mmoja. Linachapishwa mpaka leo.

Nimelifikiria sana hili, na sidhani tofauti ilikuwa ni bidii. Wale wa Denver walihitaji maelfu ya watu walipie kabla gazeti halijaanza. Wagiriki walianza na michango yao wenyewe, kwa kiasi ambacho mtu akikipoteza anaumia lakini familia yake haianguki, na wasomaji waliwajua tayari. Kwa hiyo waulize wenzako maswali ya kawaida kabisa. Nani atauza matangazo? Maana nasikia mpanga kurasa na waandishi, sisikii mtu wa matangazo. Mtaishi kwa nini miezi 6 ya kwanza? Mmoja akitaka kutoka, anarudishiwa alichoweka? Wakikosa majibu, toa mchango mdogo na jioni zako mbili kwa wiki. Kiinua mgongo chote, hapana. Hiyo ni karo ya watoto.

PichaNaMaelezo
Nami niliondoka chumba cha habari nikaenda kitengo cha mawasiliano cha shirika moja. Sikudanganyi, nilikosa zile saa za kufunga ukurasa kwa muda mrefu. Lakini mwanangu, wewe fani yako inahamishika kuliko ya mwandishi. Ripoti za mwaka, majarida, vitabu vya shule, vyote vinahitaji mtu anayejua kupanga ukurasa ukasomeka. Tatizo la kujitegemea ni wateja kuchelewa kulipa, hivyo usitoke bila akiba ya miezi 3 ambayo huigusi.

Jambo moja la haraka: kusanya kurasa zako bora sasa hivi, ukiwa bado ndani, na uombe ruhusa ya maandishi ya kuzionyesha kama sampuli. Mimi siku niliyorudisha kitambulisho ndiyo siku nenosiri langu lilizimwa. Picha za miaka 9 sikuziona tena.

DawatiLaMichezo
Hoja ya Mtambo kuhusu mshahara wa mwisho sikuijua. Naikubali. Msimamo wangu sasa ni huu: abaki endapo tu wataiandika.

MpangaKurasa
Wakuu, narudi baada ya siku 5. Nimekwenda ofisi ya utumishi na maswali yenu yote kwenye karatasi.

Kuhusu kubaki: tarehe ya mwisho ya makato hawawezi kuiandika, na malipo ya baadaye yatahesabiwa kwa mshahara mpya. Walijibu bila kusita. Kuhusu kuondoka: mkupuo wanaukubali, lakini ni miezi 5 badala ya 7. Sampuli za kurasa wameniruhusu, nimepewa barua.

Nimekaa na mke wangu usiku kucha juu ya ile miezi 2. Ni fedha nyingi, karo ya muhula mzima. Yeye ndiye aliyeniuliza kama ningemkopesha mwajiri wangu fedha hizo leo, kwa hali ilivyo. Nikasema hapana. Akasema basi, ndicho anachokuomba.

Nimechukua miezi 5. Mitatu haiguswi. Kwa wenzangu sita nimeahidi jioni mbili kwa wiki na mchango wa nusu mshahara, si zaidi, na nimewauliza swali la BibiPrufu kuhusu mtu wa matangazo. Walinyamaza, kisha wakataja jina la mama mmoja wa idara ya matangazo ambaye naye kapewa barua. Wanakwenda kumwona Jumamosi.

ZamuYaUsiku
Fedha ikiingia benki ndipo usaini kwamba umeipokea. Usitangulize saini.

MpangaKurasa
Nimeelewa, mkuu. Bado sijasaini.