Sakafu ya tundu la jicho iliyobomoka: wavu wa titani au mfupa wa mgonjwa mwenyewe?

Swali
Waheshimiwa madaktari, nina mgonjwa mtu mzima aliyepigwa ngumi. Picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya sakafu ya tundu la jicho la kushoto imebomoka, na jicho limeanza kuzama. Mwalimu wangu aliziba mapengo kama haya kwa mfupa wa nyonga ya mgonjwa maisha yake yote, ilhali wenzangu wa rika langu hawataki kusikia kingine ila wavu wa titani, yaani wa metali. Nizingatie nini katika kuchagua?

Jibu la kwanza
Ndugu, chunguza umbo la pengo kabla ya kuuliza jina la kifaa. Tundu la mtu mzima lina ujazo wa takriban mililita 30 tu, hivyo likipanuka kidogo huonekana usoni. Tena sakafu yake si tambarare: nyuma ya jicho huinuka, na kipandikizi kisichofuata mwinuko huo kitaliacha jicho limezama, kiwe cha titani au cha mfupa. Kwa pengo kubwa ningechagua wavu, kwa kuwa ni mwembamba, hushika umbo ulilolikunja, na huonekana kwenye CT, hata kosa la kuuweka likabainika mapema.

Jibu la pili
Nakubali, ila titani nayo ina lawama zake. Tishu hupenya katika matundu ya wavu na kushikamana nao, na anayelazimika kuuondoa baadaye hutokwa jasho. Polietilini yenye vinyweleo, aina ya plastiki, ni laini zaidi kwa tishu, lakini ikiwa peke yake haionekani vizuri kwenye CT. Mfupa wa mgonjwa si kitu kigeni mwilini. Hata hivyo humwachia kidonda cha pili, haukunjiki kwa urahisi, na hupungua kwa kiasi kisichotabirika, ingawa ule wa fuvu hupungua kidogo kuliko wa nyonga. Bamba za polidioksanoni, zinazoyeyuka baada ya miezi ipatayo sita, ningeziachia mapengo madogo. Silikoni niliiacha siku nilipotoa kipande kilichochomoza miaka mingi baada ya upasuaji.

Muuliza swali
Nashukuru. Nimeitazama picha upya: ukingo wa mfupa wa nyuma bado upo.

Jibu la kwanza
Basi una mahali pa kuegemeza wavu. Ufikie ukingo huo kwa macho yako, usikisie, na ulivute jicho kwa koleo kabla na baada ya kuuweka, ili uhakikishe kwamba msuli wa chini haukubanwa.