Kompyuta mbili ndani ya nyumba hazionani, nipeni ushauri kabla sijaharibu

Kichwa_Moto: Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ya mezani na wife ana laptopu, zote Windows 10, intaneti zote zinapata bila shida. Nataka folda ya picha na nyaraka iliyoko kwangu aifungue kwake tusihangaike na flashi. Nimeishea, ruhusa nimeweka ya kila mtu, lakini nikifungua Netiweki nipo peke yangu, na yeye kwake vilevile yupo peke yake. Siku ya tatu leo. Kuna sehemu nimesoma niwashe SMB1 (njia ya zamani ya Windows ya kushea mafaili) na nizime fayawoli (kinga ya kompyuta) yote, naelekea huko, mnasemaje?

Fundi Kimya: SMB1 usiguse. Kirusi cha WannaCry 2017 kilipita humohumo. Hakikisha mtandao umewekwa Praiveti kote kuwili, sio Pablik, halafu fungua Command Prompt, andika ipconfig, utuletee IP (namba ya anwani kwenye mtandao) za zote mbili.

Zee la Flashi: Mi natumia flashi tangu enzi hizo na sijawahi kuandika uzi.

Dada Printa: Umenikumbusha printa yangu, wiki nzima nabadilisha madraiva kumbe ilikuwa waifai ya wageni na mimi nipo kwenye ile nyingine, nilicheka mwenyewe.

Kichwa_Moto: Praiveti nimeweka. Nikipiga pingi (kuita kompyuta nyingine nione kama inajibu) kwenda kwa wife inajibu, akipiga yeye kuja kwangu kimya.

Fundi Kimya: IP mkuu.

Kichwa_Moto: Yangu 192.168.0.101, yake 192.168.1.14.

Fundi Kimya: Namba ya tatu hazifanani, kwako 0 kwake 1, una ruta mbili wewe. Mbona hukusema?

Kichwa_Moto: Haya ipo, ndogo, nimeichomeka nyuma ya ile kubwa. Dogo anapakua magemu usiku kucha nikaona nijitenge. Ila shida sio hiyo, intaneti si inafanya kazi? Na siitoi, nimeshaipigilia ukutani.

Zee la Flashi: Umejitenga mlango tu, bomba ni lilelile 😂

Mama Wawili: Ongea na mdogo wako. Nyumba haiendeshwi kwa ruta.

Jicho Kavu: Ngojeni. Mwanzo ni yeye na wife, sasa dogo katokea wapi? Chai hii wakuu, na mmeinywa yote.

Kichwa_Moto: Nilisema kompyuta mbili, sikusema watu wawili! Dogo ni shemeji yangu, anatumia simu na kile kidude cha magemu.

Jicho Kavu: Anaongeza sukari.

Fundi Kimya: Chai au sio chai, ruta ndogo inaruhusu kutoka, kuingia inakataa, ndo maana pingi inaenda upande mmoja. Ukutani ibaki tu. Chomoa kebo inayotoka ruta kubwa kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti), ingia kwenye mipangilio ya ruta ndogo uipe IP 192.168.1.2, zima DHCP (kazi ya kugawa IP), kisha kebo irudi ila kwenye tundu la LAN (yale ya kuchomekea kompyuta). Hapo mpo mtandao mmoja. Kama hutaki kabisa, folda ihamie kwa wife, wewe utaifikia kwa kuandika \\192.168.1.14

Kichwa_Moto: Kwa wife hapana. Na nikihamisha hiyo kebo, dogo naye ataiona folda?

Fundi Kimya: Kwa ruhusa uliyoweka, ukizima na paswedi ya kushea, anaifungua hata kwa simu.

Kichwa_Moto: Basi subiri kwanza.

Dada Printa: Mkuu kwani kwenye hiyo folda kuna nini?

Jicho Kavu: Katoka hewani.